Hadi diski za SMR: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila watu wanapozungumzia hadi diski zinazoandika kwa mtindo wa SMR: zinafanyaje kazi, zinafaa wapi na zinakwama wapi. Kama una haraka, soma sehemu ya kwanza kisha uruke hadi swali la RAID, yaani diski kadhaa zinazounganishwa ili mojawapo ikifa data zisipotee. Huko ndiko watu wanakoumia zaidi.

## Mambo ya msingi

SMR ni nini hasa?

Ni namna ya kupanga data juu ya sahani za diski; kirefu chake kwa Kiingereza ni Shingled Magnetic Recording. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, na data huandikwa juu yake katika mistari ya duara, mmoja kando ya mwingine. Kwenye diski za kawaida, zinazoitwa CMR, kila mstari una nafasi yake na haugusi jirani. Kwenye SMR, mstari mpya unaandikwa ukiwa umelalia sehemu ya mstari uliotangulia, kama vigae vya paa vinavyopandiana. Ukanda mwembamba unaobaki wazi ndio unaosomwa.

Hilo linawezekana kwa sababu kichwa kinachoandika ni kipana kuliko kinachosoma. Cha kuandika hakipunguziki kirahisi, maana lazima kitoe nguvu ya sumaku ya kutosha kugeuza chembe za sahani. Cha kusoma kinatosheka na ukanda mwembamba. Upana uliokuwa ukipotea bure ndio SMR inaoutumia.

Watengenezaji wanapata faida gani?

Terabaiti zaidi kwenye sahani zilezile. Seagate walipotangaza diski zao za kwanza za aina hii mwaka 2013, walitaja ongezeko la hadi asilimia 25. Kwa kweli ongezeko hutegemea toleo: mwaka 2022 Western Digital walitoa diski ya CMR ya TB 22 na ya SMR ya TB 26, zote zikiwa na sahani 10. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 18 hivi. Kwa anayenunua diski moja, hata haionekani. Kwa kituo cha data chenye maelfu ya diski, ni safu nzima za seva ambazo hazihitaji kununuliwa wala kupewa umeme.

Kwenye diski ndogo hesabu inageuka. Ukubwa unabaki uleule, TB 2 au TB 4, ila mtengenezaji anapunguza idadi ya sahani na vichwa. Ndiyo maana SMR imejaa kwenye diski za bei ya chini na zile nyembamba za inchi 2.5.

Kama mistari imelaliana, nikibadilisha faili inakuwaje?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote yanayofuata.

Huwezi kuandika upya mstari mmoja bila kuharibu ule unaoulalia. Kwa hiyo diski hugawanya mistari katika mafungu, na baada ya kila fungu huacha pengo ili uharibifu usivuke. Ukibadilisha kilobaiti 4 katikati ya fungu, data zote zinazofuata ndani ya fungu hilo lazima zisomwe, ziwekwe pembeni, kisha ziandikwe upya kwa mpangilio. Kazi ndogo ya kilobaiti chache inaweza kuzaa kazi ya makumi ya megabaiti.

Diski nyingi haziifanyi kazi hiyo papo hapo. Kwanza huandika mabadiliko kwenye akiba ya muda, yaani eneo maalumu juu ya sahani zenyewe, lenye gigabaiti kadhaa au makumi ya gigabaiti. Baadaye, diski ikitulia, huchukua vilivyo kwenye akiba na kuvipanga mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Northeastern University, Marekani, walitoboa mfuniko wa diski ya namna hii, wakaweka dirisha juu yake na kupiga picha kwa kamera ya kasi. Mienendo ya kichwa iliyokuwa ikikisiwa tu, wakaiona kwa macho.

Akiba ikiwa na nafasi, kila kitu kinaenda haraka. Ikijaa kabla diski haijapata nafasi ya kuimwaga, unaanza kungoja.

Muuzaji ameniambia diski ni PMR. Basi si SMR?

Jibu hilo halisaidii. PMR inahusu sumaku kusimama wima badala ya kulala, na karibu diski zote zilizotengenezwa tangu miaka ya mwisho ya 2000 ni hivyo, SMR zikiwemo. Muulize kama ni CMR.

Kwa hiyo SMR ni diski mbovu?

Hapana. Ni diski yenye masharti. Inasoma vizuri kama nyingine, inaandika vizuri ukiiandikia mfululizo, na inahitaji mapumziko baada ya kuandikwa ovyo. Kibaya, na nasema hili bila kusita, ni kumuuzia mtu diski yenye masharti bila kumwambia masharti.

## Aina na jinsi ya kuzitambua

Kuna aina ngapi za SMR?

Tatu, na tofauti yake ni nani anayebeba mzigo wa kupanga data.

Ya kwanza hujisimamia yenyewe. Kompyuta inaiona kama diski ya kawaida, na ugumu wote unafichwa ndani. Karibu kila SMR inayouzwa madukani ni ya aina hii, na ukurasa huu unaizungumzia hiyo pasipotajwa nyingine. Ya pili husimamiwa na kompyuta: diski inakataa kabisa kuandikwa nje ya mpangilio, na mfumo endeshi lazima ujue mafungu yako wapi na kila moja limejaa hadi wapi. Ya tatu iko katikati: inakubali maelekezo ya kompyuta lakini haikatai kuandikwa ovyo. Hii ya tatu ni nadra kuiona.

Ukikutana na aina ya pili bila kutarajia, soma swali la mwisho la ukurasa huu kabla ya kufanya lolote.

Nitajuaje diski yangu ni SMR?

Njia ya uhakika ni kutafuta namba kamili ya modeli kwenye kibandiko cha diski, kisha kuilinganisha na orodha za mtengenezaji. Western Digital, Seagate na Toshiba wote wameweka wazi orodha hizo. Soma namba nzima, herufi kwa herufi. WD40EFRX ni CMR na WD40EFAX ni SMR. Zote ni WD Red za TB 4, na herufi moja tu ndiyo inayozitofautisha.

Kama huna kibandiko, kwenye Linux endesha `smartctl -i` na uangalie kama diski inatangaza amri ya TRIM, inayoiambia diski data zipi zimefutwa. TRIM kwa asili ni ya SSD, diski zisizo na sahani zinazozunguka. Ukiikuta kwenye diski inayozunguka mara 5400 kwa dakika, karibu hakika ni SMR. Isipokuwepo, usihitimishe, maana baadhi ya SMR hazina. Dalili nyingine ni kumbukumbu ya ndani ya kielektroniki (cache) kubwa kuliko kawaida kwenye diski ndogo: hiyo EFRX ina MB 64, na EFAX ina MB 256.

Faili ya `/sys/block/sda/queue/zoned` itakuambia kama diski inasimamiwa na kompyuta. Kwa diski inayojisimamia itasema `none`, kwa hiyo jibu hilo lisikudanganye.

Naweza kuipima kwa kunakili faili kubwa nione kama kasi inashuka?

Kipimo hicho huwapotosha wengi. Diski mpya, tupu, ikiandikiwa faili kubwa mfululizo inaweza kujaza mafungu moja kwa moja bila kupita kwenye akiba, na kasi ikabaki nzuri mwanzo hadi mwisho. Kinachoiumbua ni uandishi mdogomdogo wa kurukaruka, kwa muda mrefu, juu ya diski ambayo tayari ina data. Programu ya `fio` ikiwekwa kwenye `randwrite` inafanya hivyo. Itafuta kila kilichomo, kwa hiyo iendeshe kwenye diski isiyo na kitu unachokihitaji.

Mbona sanduku halikusema?

Kwa miaka kadhaa watengenezaji hawakuona haja ya kusema. Aprili 2020 mambo yalilipuka. Watu waliokuwa wakiongeza WD Red mpya kwenye seva zao za nyumbani waliona diski zinakataliwa, na uchunguzi wa waandishi ukabaini kwamba matoleo ya TB 2 hadi TB 6 yalikuwa yamehamia SMR bila mnunuzi kuarifiwa. Seagate na Toshiba nao wakathibitisha kuwa baadhi ya diski zao za kompyuta za mezani ni SMR, ingawa Seagate walisema IronWolf, familia yao ya diski za seva ndogo, haimo. Western Digital wakatoa orodha, na Juni mwaka huohuo wakatenga jina la Red Plus kwa ajili ya CMR. Kesi zilifunguliwa Marekani.

Tangu hapo taarifa zinapatikana, lakini mara nyingi ziko kwenye hati za kiufundi, si kwenye sanduku wala kwenye tangazo la duka.

## Matumizi ya kila siku

Inafaa kwa kazi gani?

Kazi ambayo data huandikwa kwa mkupuo, zikakaa, zikasomwa mara kwa mara. Maktaba ya filamu, picha na muziki. Kumbukumbu za miradi iliyokwisha. Nakala rudufu za usiku, diski ikabaki imepumzika mchana kutwa. Michezo ya kompyuta pia inakaa vizuri, isipokuwa siku ya sasisho kubwa, pale mafaili yaliyopo yanapobadilishwa vipande vipande.

Naweza kuweka mfumo endeshi juu yake?

Itawaka, lakini sikushauri. Windows, macOS na Linux zote huandika vitu vidogovidogo bila kukoma: kumbukumbu za matukio, sasisho, faili za muda za kivinjari. Diski haipati wasaa wa kumwaga akiba yake, na kompyuta inakuwa nzito bila sababu inayoonekana. Laptopu nyingi zilizokuja na diski ya TB 1 ya inchi 2.5 zinasumbuliwa na hili hasa, na wenyewe wanadhani tatizo ni virusi. Weka mfumo kwenye SSD, hata ndogo, na uiachie SMR mafaili.

Hifadhidata, mashine pepe na torenti zinazopakuliwa moja kwa moja zina shida hiyohiyo. Torenti ina tiba rahisi: ipakue kwenye diski nyingine, ikikamilika uihamishe.

Ninanakili mafaili, mwanzo kasi ni MB 150 kwa sekunde, baadaye inashuka hadi MB 10. Diski inakufa?

Huenda si hivyo. Akiba imejaa, na sasa diski inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kupokea data mpya na kupanga za zamani. Utaliona zaidi kwenye mafolda yenye mafaili madogo mengi na kwenye diski iliyokaribia kujaa.

Sitisha unakili, iache diski ikiwa na umeme kwa saa moja au zaidi, kisha jaribu tena. Kasi ikirudi, ni tabia ya SMR. Isiporudi, soma ripoti ya SMART, yaani ya afya ya diski, uangalie idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikiwa zinapanda, hilo si suala la SMR tena. Hamisha data zako leo.

Ukiwa na mafaili madogo maelfu kwa maelfu, yafunge kwanza kwenye faili moja la `tar` au `zip`. Diski itapokea mkondo mmoja mrefu, na huo ndio iliyoundiwa.

Nimemaliza kunakili, taa imezimika, lakini bado naisikia ikifanya kazi. Niichomoe?

Ukishaiondoa kwa njia salama kwenye kompyuta, data zako zimo ndani: ziko kwenye akiba juu ya sahani, hazitapotea umeme ukikatika. Sauti unayoisikia ni diski ikizihamisha. Iache imalize kama unaweza. Ukiichomoa kila mara papo hapo, haitapata muda wa kumwaga akiba, na safari ijayo itaanza ikiwa imeelemewa. Hiki ndicho kisa cha diski nyingi za USB zinazozidi kuwa taratibu kila wiki: zinachomekwa, zinajazwa, zinachomolewa, hazipumziki kamwe.

Nifanye defragi, yaani kuunganisha upya vipande vya mafaili vilivyotawanyika?

Usifanye. Diski inayojisimamia huficha mahali halisi data zilipo, kwa hiyo programu inapanga ramani isiyolingana na sahani, na inaandika upya mamia ya gigabaiti kwa kazi isiyo na tija. Zima na ratiba yake, kama ipo.

TRIM inasaidia nini kwenye diski inayozunguka?

Ukifuta faili, mfumo endeshi hubadilisha orodha yake tu. Diski haijui, na kila inapopanga fungu inaendelea kubeba data mfu kama vile bado zinahitajika. TRIM huiambia kwamba data hizo hazina mwenyewe. Kama diski yako inaikubali, iwashe. Kasha nyingi za USB haziipitishi amri hiyo, na hapo utaichomeka diski moja kwa moja kwenye SATA, tundu la diski ndani ya kompyuta, mara mojamoja.

Ukitaka kuanza upya kabisa, kufomati kwa haraka pekee huenda kusitoshe. Kwenye Linux, `blkdiscard` huiambia diski kwamba yote yaliyomo hayahitajiki. Amri hiyo haiulizi mara mbili.

Inaharibika mapema kuliko CMR?

Mtindo wa kuandika peke yake haufanyi sahani zichakae. Ila SMR nyingi za madukani zimepangiwa kazi nyepesi, mara nyingi TB 55 za kusoma na kuandika kwa mwaka, huku za NAS, yaani seva ndogo za kuhifadhi mafaili kwenye mtandao, zikipangiwa TB 180. Linganisha kiwango hicho na kazi unayokusudia kuipa.

## RAID na NAS

Kwa nini wote wanasema SMR isiingie kwenye RAID?

Kwa sababu ya siku moja tu: siku diski mojawapo inapokufa. Kabla ya hapo RAID ya SMR inaweza kuonekana nzima kwa miaka. Siku hiyo unaweka diski mpya, na mfumo unaanza kuijaza bila kupumzika, saa baada ya saa, huku watumiaji nao wakiendelea kusoma na kuandika. Mapumziko ambayo SMR inayategemea hayapo.

ZFS, mfumo wa mafaili unaojiundia RAID wenyewe, inaumia zaidi, kwa kuwa ujenzi wake upya hufuata mpangilio wa data na si wa diski, na uandishi unarukaruka. Mwaka 2020 tovuti ya ServeTheHome ililinganisha: WD40EFAX ilichukua karibu siku 10 kujengwa upya ndani ya ZFS, kazi ambayo CMR za ukubwa uleule ziliimaliza chini ya saa 20. Siku 10 ni muda mrefu mno kukaa bila kinga, maana diski nyingine ikifa katikati, data zimekwenda. Wapo ambao hawakufika hata huko: diski ilichelewa kujibu, mfumo ukaiona imekufa na kuitupa nje.

RAID za kizamani zinazojenga upya kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mfuatano, huvumilia zaidi, hasa kama hakuna mwingine anayetumia seva wakati huo. Ninajua wanaoendesha hivyo bila tatizo. Bado nisingeweka hapo data nisizokuwa na nakala yake pengine.

Tayari ninazo nne kwenye NAS. Nizitupe?

Hakuna haja. Hakikisha kwanza una nakala rudufu nje ya NAS hiyo, kisha kila moja itakapokufa uibadilishe kwa CMR. Aliyebaki na zilizo nzima anaweza kuzigeuza kuwa diski za nakala rudufu, kazi zinayoiweza.

Kuna na mifumo inayoweka kila faili zima kwenye diski moja na kutenga diski ya ziada ya kulinda zote. Humo SMR inakubalika kwa diski za data. Ile ya ulinzi iwe CMR, kwa sababu kila kinachoandikwa popote kinaigusa yenyewe.

## Hali zisizo za kawaida

Nimefuta faili kwa bahati mbaya. Programu za kurejesha zitalipata?

Kwenye SMR yenye TRIM, usitegemee sana. Amri ikishafika, diski inaweza kurudisha sifuri tupu unapoomba sekta hizo, hata kama data bado ziko kwenye sahani. Chomoa diski mara moja, usiandike chochote, na kama faili lina thamani mpelekee mtaalamu kabla hujajaribu programu yoyote. Mweleze mapema kwamba ni SMR, kwa sababu ramani ya ndani ya diski hizi ni kazi ya peke yake kwa wanaorejesha data.

Kama zina shida zote hizi, mbona makampuni makubwa yanazitumia?

Yanatumia aina inayosimamiwa na kompyuta, na yameandika programu zao zifuate masharti ya diski. Dropbox walianza mwaka 2018. Kwao faili la mteja likishapakiwa hufungwa ndani ya kifurushi kikubwa kinachoandikwa mara moja kwa mfululizo na kisichohaririwa. Wakiwa wanajua mafungu yako wapi, hakuna akiba ya kujaa wala diski ya kuelemewa ghafla.

Nimepata diski ya TB 14 iliyotoka kituo cha data. Kompyuta inaiona, lakini haifomatiki. Imeharibika?

Yaelekea ni nzima, ila ni aina inayosimamiwa na kompyuta, kama Ultrastar DC HC620. Inakataa uandishi wowote usioanzia pale uandishi wa mwisho wa fungu ulipoishia, na kufomati kwa kawaida huandika huku na huku. Windows ya kawaida haitaitumia, na kasha nyingi za USB hazizijui amri zake.

Kwenye Linux inawezekana. Msaada wa diski za mafungu uliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 4.10 mwaka 2017, na mfumo wa mafaili wa f2fs ukaweza kuzitumia. Mwingine, Btrfs, ulifuata kwenye 5.12, mwaka 2021, na huo ndio ningeujaribu kwanza. Ichomeke kwenye kidhibiti cha SAS au SATA kinachozitambua diski za namna hii, sakinisha `util-linux`, kisha endesha `blkzone report` juu yake. Ukiona orodha ndefu ya mafungu ya MiB 256 kila moja, machache ya mwanzo yakiwa ya kawaida na yaliyobaki yakidai mfuatano, umeshaijua. Kama huna Linux, au huna muda wa kuijifunza, irudishe kwa aliyekuuzia ungali ndani ya muda wa kurudisha.